Barua ya Karani: Taa za Leza, za Bure na za Kulipia



Juma hili nataka kusema nanyi habari ya taa za leza, zile zinazochora nyota na mistari ya kijani juu ya turubai siku ya harusi. Najua baadhi ya wazee watauliza, "Karani, taa za ngoma zatuhusu nini sisi wakulima wa mpunga?" Zinawahusu sana, wazee wangu. Fedha itakayotumika ni jasho la vijana wenu, na macho yatakayotazama ni ya wajukuu wenu.

Jambo lenyewe ni hili. Siku hizi toka Bungu hata Ikwiriri, toka Kibiti mjini hata Nyamisati pwani, ni shida kuona sherehe bila spika kubwa na taa za rangi. Vijana wenye akili wamekwisha tambua ya kuwa mwenye mitambo hukodiwa, na mwenye kukodiwa hupata posho. Kundi moja la vijana wa delta limeweka akiba kidogo kidogo kwa kuuza mpunga na kamba. Nao waliiweka baada ya mafuriko ya mwaka 2024, ambayo nyote mnajua yalivyoharibu mashamba ya Rufiji na Kibiti. Wameuliza hivi: Je, tununue mitambo ya leza ya mabingwa, yenye programu ya kulipia? Au tununue kifaa cha bei nafuu, tukitumie na programu ya bure?

Swali lao ni zuri, na wengi wengine hujiuliza kimoyomoyo. Basi nitalijibu hapa, wote msikie.

LEZA NI KITU GANI?

Mwanga wa karabai hutawanyika pande zote. Ukienda mbali kidogo umefifia. Mwanga wa leza haufanyi hivyo. Huenda umeshikamana kama mkuki, ni wa rangi moja tu, na mbali unakofika bado una nguvu. Leza ya kwanza iliwashwa Marekani na bwana Theodore Maiman, tarehe 16 Mei 1960, kwa kutumia kijiti cha yakuti nyekundu. Tangu siku hiyo leza imepata kazi nyingi. Madaktari hutibia macho kwa leza, mafundi hukatia chuma, na katika maduka makubwa mashine husoma alama za bidhaa kwa leza. Kazi ya kuchezesha mwanga katika sherehe ni moja tu katika hizo.

Lakini mkuki mmoja wa mwanga huwezaje kuchora nyota nzima? Watoto wetu wanajua jibu bila kwenda shule. Mtoto akichukua kijinga cha moto gizani akakizungusha upesi, hamwoni kijinga. Mwaona duara la moto. Jicho halina upesi wa kukifuata. Basi, ndani ya mashine ya leza mna vioo viwili vidogo sana. Kimoja hutikisika kushoto na kulia, cha pili juu na chini. Mashine nzuri huupeleka mwanga mahali 20,000 hata 30,000 katika sekunde moja. Sisi twaona picha imetulia, kumbe ni nukta moja inayokimbia!

Ili vioo vijue pa kwenda, yatakiwa mambo matatu. La kwanza ni mashine yenyewe ya mwanga. La pili ni kompyuta yenye programu, yaani maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate. La tatu ni kisanduku kidogo kinachokaa katikati. Kompyuta husema kwa tarakimu, lakini vioo husikia nguvu ya umeme tu. Kisanduku ndicho mkalimani wao.

Mashine za mabingwa huwa na tundu la pini 25 lililokubaliwa na chama cha kimataifa cha maonyesho ya leza, kiitwacho ILDA, kilichoundwa mwaka 1986. Kwa sababu ya tundu hilo, waweza kununua mashine kwa mtu mmoja na kisanduku kwa mtu mwingine, vikapatana. Ni kama pampu ya baiskeli: vali zikiwa za namna moja, pampu ya jirani nayo yafaa.

Sasa sikilizeni, vijana. Taa nyingi ndogo zinazouzwa Kariakoo hazina tundu hilo kabisa. Zina mifano yake ndani, nazo hufuata mdundo wa ngoma tu. Taa ya namna hiyo haipokei picha zenu kutoka programu ya bure wala ya kulipia. Basi kabla hujauliza habari ya programu, geuza taa, utazame matundu nyuma yake.

"BURE" NI NAMNA NNE

Watu wengi husema "programu ya bure" kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Ziko namna nne, na mtu asiyezitofautisha atapata hasara.

Namna ya kwanza ni programu huria. Mwenye kuitunga huwapa watu wote ruhusa ya kuitumia, kuichungulia ndani, kuitengeneza upya na kuwagawia wengine. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kutunga programu za namna hiyo, na mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, akaanzisha Linux. Msidhani mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Hapa kwetu, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, palikuwa na kazi iliyoitwa Kilinux. Mwaka 2004 watu wake walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu, ikisema na mtu kwa Kiswahili. Waliwezaje? Kwa sababu programu ile ilikuwa huria, waliigeuza wao wenyewe bila kungojea kampuni iwahurumie.

Katika mambo ya leza na taa, programu huria zipo. OpenLase, kazi ya Hector Martin, huchora kwa leza, nayo inaweza kukuonyesha picha katika kioo cha kompyuta kabla hujawa na mashine. QLC+ huongoza taa za jukwaa za kila namna. Hata vifaa viko vya huria: kisanduku kiitwacho Helios, kilichobuniwa na Gitle Mikkelsen, michoro yake imewekwa wazi, na fundi mwenye ujuzi aweza kujitengenezea.

Namna ya pili ni bure ya nyongeza. Kampuni ya Pangolin ya Marekani, iliyoanzishwa na William Benner mwaka 1986, inajulikana sana kwa mabingwa wa leza. Programu yake iitwayo QuickShow hupewa mtu anunuapo kisanduku cha kampuni hiyo. Huo si udanganyifu, bali fahamu ulichonunua. Ni kama mwenye duka anayekupa gunia bure ukinunua mchele: gunia umepewa, lakini pasipo mchele hupati gunia. Na kisanduku hicho bei yake ni mara kadhaa ya kile cha huria. Ukitaka mambo makubwa zaidi, kampuni ina programu nyingine, iitwayo Beyond, nayo yalipiwa.

Namna ya tatu ni bure ya kuonja. Unapewa programu siku chache, au unapewa sehemu yake tu, ili ukipenda ulipe. Yafaa kwa kujaribia. Haifai kwa kazi, maana yaweza kukufungia mlango siku ya harusi yenyewe.

Namna ya nne ni bure ya wizi. Hii ni ile programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli na kuuzwa katika flashi kwa bei ya soda. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Tena, mtu aliyevunja kufuli la mwenzake amekosa nini kutia virusi ndani? Wazazi, msione haya kuwauliza watoto wenu, "Programu hii mmeipata wapi?" Palipo na programu huria nzuri namna hii, hapana udhuru wa kuiba.

MWENYE KULIPA HULIPIA NINI?

Haifai kuwadharau mabingwa na kusema wanatupa fedha. Wanajua wanunuacho.

Kwanza, hulipia muda. Programu ya mabingwa huja na picha nyingi zilizo tayari. Mtu huunganisha waya, akafungua, akaanza kazi jioni ile ile. Mwenye programu huria aweza kukaa majuma kadhaa akisoma maelezo, nayo mara nyingi ni kwa Kiingereza. Pili, hulipia msaada. Kitu kikiharibika yupo mtu wa kumwuliza, anayelipwa ili ajibu. Kwa watu wa huria yupo pia wa kujibu, lakini hujibu kwa hisani, apatapo nafasi. Tatu, hulipia usalama fulani. Programu za mabingwa huweza kupunguza ukali wa mwanga katika sehemu ya chini, wakaapo watu, na kuuacha mkali juu.

Lakini huria nayo ina faida zake, na nyingine zafaa hasa kwetu. Fikirini maisha ya delta. Mtu wa Mbwera au Salale asafiri kwa mashua, angojee maji yajae, na intaneti aipate kwa shida. Baadhi ya programu za kulipia hutaka kuandikishwa kwa intaneti, kila kompyuta na ufunguo wake. Programu huria waweza kuichukua Kibiti mjini siku ya soko, ukaitia katika flashi, ukavuka nayo, ukawagawia vijana wa vijiji vitatu, na hakuna aliyeibiwa. Kompyuta ya zamani nayo yatosha kwa nyingi katika hizo, na kompyuta ya zamani ndiyo tuliyo nayo.

Faida ya pili ni elimu. Kijana aliyejifunza kwa programu huria anajua kwa nini mambo huenda yalivyo. Nilifunzwa ualimu, nami nasema hivi: aliyekariri jibu hukwama swali likigeuzwa kidogo, lakini aliyefahamu njia hupita. Kijana huyo kesho atatengeneza redio, atafunga sola, atapata kazi kwa mafundi.

Tena kumbukeni, programu ikiwa bure, vifaa si bure. Hewa ya chumvi hula waya na pini. Jenereta hupanda na kushuka. Mkitumia fedha yote siku ya kwanza, pini ya kwanza ikiota kutu biashara imekwisha.

JICHO HALINA DUKA

Sasa nafika kwenye jambo kubwa kuliko yote. Nawaomba baba na mama msome hapa hata kama mengine mmeyaruka.

Nguvu ya leza hupimwa kwa miliwati. Leza zimegawanywa katika madaraja. Daraja la 3R lina mwisho wa miliwati 5. Daraja la 3B lina mwisho wa miliwati 500. Juu ya hapo ni daraja la 4, ambalo laweza kuunguza ngozi na kuwasha moto. Mashine ya maonyesho yenye wati moja tu ina miliwati 1,000, yaani mara 200 ya ile ya miliwati 5. Mwanga huo ukiingia jichoni, jicho lenyewe huukusanya na kuutia mahali pamoja nyuma, palipo na utando wa kuonea. Pakiungua, hapana dawa ya kuparudisha kama palivyokuwa.

Mtasema, "Lakini taa imeandikwa kibandiko, ni salama." Kibandiko si shahidi wa kweli sikuzote. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza jinsi ilivyopima vijiti 122 vya leza, vile vya mkononi. Karibu asilimia 90 ya vile vya kijani, na asilimia 44 ya vile vyekundu, havikufuata kanuni za usalama. Tena vijiti vya kijani vibovu vyaweza kutoa mwanga mwingine usioonekana, na jicho halipepesi kuukwepa, maana halijui kwamba upo. Hivyo ndivyo vitu watoto wetu huchezea kama vijiti vya peremende!

Sikilizeni na habari ya Urusi. Mwezi Julai mwaka 2008 palikuwa na sherehe ya muziki wa usiku, mbali kidogo na mji wa Moscow. Leza zilitakiwa kupigwa juu mbinguni. Mvua ikanyesha, watu wakatandikiwa maturubai, na mwanga uliotakiwa kwenda mbinguni ukawarudia watu machoni. Watu wapatao 30 waliumia macho, na wengine walipoteza sehemu ya kuona kwao moja kwa moja. Mitambo yao ilikuwa ya nguvu, na waliohudhuria walikuwa wamelipa kiingilio. Programu ya bei kubwa haimlindi mtu aliye chini ya turubai. Na sisi huku harusi zetu zote zi chini ya turubai!

Iko hatari nyingine. Nimesema leza huchora kwa vioo vinavyokimbia. Basi jenereta likikohoa, au mtoto akivuta waya, vioo vyaweza kusimama huku mwanga ungali unawaka. Hapo nguvu yote iliyokuwa imetandazwa katika nyota nzima hukaa mahali pamoja. Mashine nzuri ina kifaa cha kuzima mwanga vioo visimamapo. Mashine mbaya haina. Hili si la programu, ni la mashine yenyewe. Kwa hiyo nasema: mkitaka kupunguza gharama, punguzeni katika programu; katika mashine msipunguze.

Na kwa wenye kupenda kupiga mwanga angani: juu yetu hupita ndege ndogo ziendazo Mafia, na katika mito yetu hupita manahodha usiku. Rubani au nahodha akipigwa na leza machoni haoni kitu kwa kitambo. Katika mkondo wa delta, kati ya mikoko, kitambo hicho chatosha kupindua mashua yenye watu.

SHAURI LANGU

Basi, vijana wa delta, na wengine wenye nia kama yao, shauri langu ni hili.

Kwanza, msianze na leza. Anzeni na taa za rangi za kawaida, zile za LED, zenye tundu la DMX. Hiyo ni lugha ya taa iliyokubaliwa mwaka 1986, nayo hubeba maagizo 512 katika waya mmoja. Ziongozeni kwa QLC+, programu huria, na kisanduku chake kidogo. Zinapendeza, nazo hazina hatari ya leza. Kodisheni hizo kwa msimu mmoja, muone kama biashara inalipa.

Pili, huku mkifanya kazi hiyo, jifunzeni kuchora leza katika kioo cha kompyuta kwa programu huria. Mtapoteza muda, hamtapoteza senti. Atakayechoka atajulikana mapema, na atakayedumu ndiye fundi wenu.

Tatu, ikifika siku ya kununua leza, tafuteni mashine yenye tundu la pini 25, yenye ufunguo wa kuwashia, yenye kitufe kikubwa cha kuzimia mara moja, na yenye kuzima yenyewe vioo vikikwama. Mwulizeni mwuzaji awaonyeshe kwa vitendo, si kwa maneno. Kisha kisanduku kiwe cha huria kwanza. Kazi ikikua, na watu wakitaka mambo makubwa, hapo nunueni cha mabingwa kwa faida ya kazi, si kwa deni. Kwa sababu tundu ni lile lile, mashine yenu haitapotea.

Nne, wekeni sheria zenu wenyewe, mziandike, mzibandike juu ya kisanduku. Mwanga usishuke chini ya mita 3 kutoka hapo wasimamapo watu. Pasiwe na kioo wala bati ling'aalo mbele yake. Mtu mmoja asimame karibu na kitufe cha kuzimia mwanzo hata mwisho, naye asiwe amekunywa. Mvua ikinyesha na watu wakihamishwa, leza izimwe kwanza, mpaka mmepima upya. Chini ya turubai la chini, leza isiwashwe kabisa, hata mwenye harusi akikasirika. Mrudishieni fedha ya leza, mpigieni taa za rangi.

Nanyi wazazi, kijiti cha leza kilichomo mfukoni mwa mtoto kichukueni leo. Na mkikodi mitambo kwa harusi, mwulizeni fundi maswali mawili tu: "Mwanga wako unapita wapi?" na "Ukitaka kuuzima upesi, wabonyeza wapi?" Asiyeweza kujibu, mwambieni apige muziki tu.

Haba na haba hujaza kibaba. Vijana waliojaza kibaba chao kwa mpunga na kamba wasikimwage kwa siku moja ya pupa. Programu ya bure itawafikisha mbali wakiwa na subira, na ya kulipia itangojea, haitakimbia.

Mwenye swali jingine aniandikie, nami nitajaribu kulijibu.

Wenu,
Karani